Tumbawe laini likianza kuoza ndani ya tangi, usingoje (uzi mrefu, maswali karibuni)

MwanaUnguja_Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine habari za saa hizi.

Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wamenitumia picha za matumbawe yao wakiuliza kama limekufa au limelala. Wote wana Sarcophyton, lile tumbawe laini lenye shina nene na kofia pana kama uyoga. Wote pia walikwisha mwaga dawa ndani ya tangi kabla hawajauliza, na mmoja wao alitia dawa ya samaki yenye shaba. Shaba inatibu samaki, lakini matumbawe, kamba na konokono inawaua. Roho imeniuma kweli, kwa hiyo naandika yaliyonikuta mimi mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Naishi Muscat, nina tangi la maji ya chumvi la lita 300 sebuleni, huu ni mwaka wake wa nne. Agosti tulikwenda harusini Sohar tukalala huko siku mbili. Tuliporudi kiyoyozi cha sebuleni kimezima, nyumba inafukuta, na kipimajoto cha tangi kinasoma 33. Siku zote nalishikilia kwenye 25 hadi 26. Samaki walikuwa juu kabisa wanahema, maana maji yakipata joto hayabebi hewa ya kutosha. Nikaelekeza feni ya mezani kwenye uso wa maji, nikaongeza pampu ya hewa, nikaacha joto lishuke pole pole hadi kesho yake. Barafu sikutia, kwa sababu kushusha joto kwa ghafla ni pigo la pili kwa viumbe ambao tayari wamepigwa.

Samaki wote walipona. Siku ya tatu ndiyo Sarcophyton kubwa, lenye upana wa sahani ya wali, likafumba polipu zake zote (vile vijimdomo vyake vidogo vyenye mikono) likanywea. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mtu asikosee hapo tena.

Anayefuga tumbawe hili anajua lina tabia ya kujivua gamba. Kila baada ya muda linafumba, linakuwa kama limepakwa nta, linang'aa, halafu utando mwembamba unabanduka na kuchukuliwa na maji. Linaweza kukaa hivyo siku nne, linaweza kukaa hata wiki mbili, kisha likafunguka zuri kuliko mwanzo. Linajisafisha mwani na uchafu uliolikalia. Sasa mimi nikasema limejivua gamba tu, tuliache. Nikaliacha siku nane.

Tofauti ilikuwepo, ila sikuitazama kwa makini. Linalojivua gamba linanywea lakini bado limesimama. Ukiligusa kwa kidole chenye glavu ni gumu kama sikio lako, na rangi ni ile ile upande wote. Langu lilikuwa limelala upande mmoja, na chini ya kofia, pale shina linapokutana na kofia, palikuwa na doa la kahawia iliyoiva, kama sarafu ndogo ya Oman ya baisa 25. Nikalidhani kivuli. Siku ya sita doa limekuwa shimo. Siku ya nane nilipofungua kifuniko cha tangi, harufu ikanipokea mlangoni: harufu ya pweza aliyesahauliwa kwenye mfuko juani. Mtu wa pwani haitaji kuelezwa zaidi.

Usiku ule kofia ikaachana na shina. Nyama iliyeyuka ikawa ute wa kahawia, pampu ikautawanya tangi zima. Asubuhi nikapima amonia, sumu inayotokana na vitu vinavyooza, ikawa miligramu 0.5 kwa lita wakati inatakiwa isiwepo kabisa. Xenia zangu zote, zile zinazopiga mapigo kama mkono unaofumba na kufumbua, zilikuwa zimelala. Nilizipoteza zote siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwa lile nililoliokoa. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimekata kipande cha Sarcophyton hilo hilo nikakiotesha upande wa pili wa tangi. Siku mbili baada ya mama kufa, mtoto naye akatoka doa ukingoni mwa kofia, dogo kama punje ya choroko. Safari hii sikungoja.

Nilifanya hivi. Nilichota maji ya tangi kwenye mabakuli matatu. Nikavaa glavu na miwani ya kukinga macho, kwa sababu matumbawe haya yakikatwa yanarusha ute. Nikalitoa tumbawe pamoja na jiwe lake nikaliweka bakuli la kwanza. Wembe mpya, sio uliokwisha tumika. Sikukata doa peke yake. Nilikata sentimita moja zaidi, hadi ndani ya nyama yenye uzima, maana uozo unakwenda mbali kuliko macho yanavyoona. Nyama ya ndani ni nyeupe, na wembe unapopita unasikia unakwaruza, kama unakata ndizi mbichi iliyoingia mchanga. Ule si mchanga, ni vijifupa vyake vya chokaa. Tumbawe laini halina mifupa ya jiwe kama tumbawe gumu, lina hivyo vijifupa vidogo vidogo vilivyotawanyika mwilini. Basi ukiona nyama uliyoikata ni nyeupe na wembe unakwaruza hivyo, umefika penye uzima. Ikiwa inateleza laini kama uji, bado, kata tena.

Bakuli la pili lilikuwa na Lugol ya asilimia 5 (dawa ya maji ya madini joto), matone 5 hadi 10 kwa lita moja, rangi inakuja kama chai ya rangi iliyokaa kidogo. Dakika 10 hadi 15, unayatikisa maji kwa mkono taratibu. Kisha bakuli la tatu la kusuuzia, halafu tumbawe linarudi tangini. Maji ya bakuli zote yanamwagwa, hata tone moja lisirudi.

Nililiweka mahali penye mkondo wa maji mzuri lakini usiolipiga usoni moja kwa moja, na mwanga nikaupunguza. Nikabadilisha asilimia 20 ya maji, nikatia mkaa amilifu mpya (mkaa maalumu unaonyonya sumu majini) kwenye filta. Siku ya tano jeraha likafunga mdomo, ngozi ikaingia ndani kama upindo wa shuka. Siku ya kumi na mbili polipu za upande ule mwingine zikatoka. Leo ni wiki ya saba, na ukitazama kutoka juu, kofia ina umbo la mwezi mchanga, na ule upinde wa ndani umeanza kujaa.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

FundiTangi_Dubai

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa Kilifi, kazi yangu hapa Dubai ni kutunza matangi ya watu majumbani na maofisini, mwaka wa saba sasa. Uliyoandika ni sahihi, naomba niongezee machache ninayoyaona kila wiki.

La kwanza ni huo mkaa, ambao umeutaja kwa kifupi sana. Sarcophyton, Sinularia na matumbawe laini mengine ndugu zao hawana mwiba wa maana, silaha yao ni sumu wanayoitoa kwenye maji. Wanasayansi wa Australia walilichunguza jambo hili kwenye Great Barrier Reef tangu miaka ya 1980: tumbawe laini linaweza kulidhoofisha tumbawe gumu lililo karibu bila hata kuligusa. Sasa baharini mkondo unaipeleka ile sumu mbali. Ndani ya lita 300 inakwenda wapi? Tumbawe linapokatwa au linapooza linatoa zaidi ya kawaida. Kwa hiyo ukikata tu, mkaa mpya siku hiyo hiyo, na baada ya siku tatu nne utie mwingine. Ningekuwa na kitu kimoja tu cha kumshauri mfugaji wa matumbawe laini, ningemwambia mkaa.

La pili, kabla hujashika wembe jiulize ni kitu gani kimebadilika nyumbani wiki mbili hizi. Mteja wangu mmoja alipoteza matumbawe yote ya tangi moja. Maji nikayapima, chumvi 35 kwa elfu, joto 25, amonia hakuna, naitreti 10, kila kitu safi. Ndipo mfanyakazi wa nyumbani, dada mmoja mpole sana, akaniambia kwamba juzi walikuja watu kupuliza dawa ya mende. Pampu ya hewa ilikuwa imewekwa sakafuni, ikavuta ile dawa ikaipuliza moja kwa moja kwenye maji. Hakuna aliyemuuliza yule dada mpaka siku hiyo. Tangu hapo kila nyumba ninayoingia namsalimia kwanza anayeishi na tangi saa zote, kisha ndiyo nafungua vipimo.

La tatu, wadudu. Doa linalorudi rudi mahali pale pale, au ukingo unaoonekana umetafunwa, tazama usiku. Zima taa zote, ngoja muda wa saa mbili, kisha mulika kwa tochi chini ya kofia na kwenye shina. Kuna konokono wa bahari wasio na gamba wanaokula matumbawe laini tu, rangi yao inafanana kabisa na nyama wanayoila. Mayai yao yamejizungusha kama uzi mweupe karibu na mzizi. Madini joto hayaui mayai. Utayakwangua kwa kibano, na utarudia baada ya siku chache kwa sababu yatakayobaki yataanguliwa.

Mpigambizi_Wasini

Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Mimi tangi sina, nina bahari. Huku kwetu kuna kauri mmoja mweupe kama yai, jina lake la kitaalamu Ovula ovum. Gamba ni jeupe kabisa, lakini akiwa hai amejifunika vazi jeusi lenye vidoa. Chakula chake ni hayo hayo matumbawe mnayoyafuga. Ukimkuta juu ya Sarcophyton utaona nyuma yake kovu jeupe kama njia ya jembe. Ukirudi baada ya wiki kadhaa kovu limefunga. Kwa hiyo ninaposoma kwamba limekatwa na wembe likapona, sishangai hata kidogo. Limezoea kuliwa.

Lakini joto ni jambo jingine. Mwaka 1998 maji yalipopata joto matumbawe yalipauka pwani nzima, kuanzia Kenya, Tanzania, hadi Msumbiji. Ukizama unaona weupe mtupu, kama mtu amemwaga chokaa. Nilikuwa kijana, baba yangu alipanda mashuani akakaa kimya mpaka tukafika ufukweni. Yalipauka magumu na yalipauka laini. Tofauti ni kwamba tumbawe gumu likifa linaacha jiwe, unaona lilipokuwa. Laini likifa halibakishi kitu. Nimesoma habari ya hilo kubwa la kaka wa Muscat lililoyeyuka usiku mmoja, na nimeikumbuka siku ile.

MwanaUnguja_Muscat

Mzee wangu wa Wasini, shikamoo. Umenigusa. Ndani ya lile langu kubwa nilikuta vijifupa vimebaki chini kama unga wa mchanga mweupe, na sikuweza kuvitoa kwa wiki nzima.

Kwa wasioelewa kupauka: ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wao ndio wanaolipikia chakula kwa kutumia mwanga. Joto likizidi, mwani wanaondoka, na tumbawe linabaki jeupe na njaa. Kupauka peke yake sio kuoza. Lililopauka lakini nyama yake ni ngumu na haina harufu, usilikate. Rekebisha joto, punguza mwanga, lipe wiki kadhaa.

MamaNasra_Dar

Habari zenu. Naomba msaada. Nina tangi dogo, lita 120, nina ule "mti wa Kenya" (sijui kwa nini umeitwa hivyo) na zile polipu za kijani zinazotambaa kama zulia. Mti unadondosha matawi kila wiki. Je, unakufa? Na maji nachota baharini Mbezi. Pia naogopa, niliambiwa nichukue tumbawe jipya baharini kama hili litakufa.

FundiTangi_Dubai

Dada, mti wa Kenya, Capnella, kudondosha matawi ndiyo kuzaa kwake. Tawi linajikata lenyewe, linaanguka, linashika jiwe linapoangukia. Tazama mahali lilipokatikia: kama pamefunga safi, una mtoto mpya, hongera. Kama pana ute wa kahawia na harufu, hapo ndipo urudi kwenye wembe.

Maji ya Mbezi karibu na ufukwe siyaamini, hasa baada ya mvua, kwa ajili ya mifereji. Kama huna njia nyingine, chota mbali na nchi kavu wakati maji yamejaa, usichote siku za mvua, na uyahifadhi gizani kwenye ndoo zilizofunikwa kabla ya kuyatumia. Pima chumvi kila mara, mvua inaishusha.

Na kuhusu kuchukua tumbawe baharini, tafadhali sana usifanye hivyo. Sheria inakataza, na hata isingekataza, Mzee wa Wasini ameshasema hapo juu. Omba kipande kwa mfugaji mwenzako. Tunagawiana bure.

Nesi_Leicester

Jamani naomba mnisikilize kwenye jambo moja, kwa sababu ni la uhai wa watu. Mnazungumzia wembe na kukwangua. Je, mnajua mlicho nacho mkononi? Zile polipu za duara zenye ukingo wa rangi, Zoanthus na hasa Palythoa, mara nyingi zinauzwa pamoja na matumbawe laini. Baadhi ya Palythoa zina sumu iitwayo palitoksini, iliyotengwa mara ya kwanza kutoka Palythoa ya Hawaii mwaka 1971, na ni miongoni mwa sumu kali kabisa za asili zinazojulikana.

Machi 2018 hapa Uingereza, kijiji cha Steventon, Oxfordshire, mtu alisafisha tangi lake nyumbani, akalitoa jiwe lenye matumbawe. Familia yake ikaugua, na wazima moto waliokwenda kuwasaidia nao wakapelekwa hospitali. Sumu ile iliingia kwa hewa.

Kwa hiyo Palythoa usikwangue kwa brashi nje ya maji, usimwagie maji ya moto, usichemshe jiwe lake kabisa. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, kifua kubana au macho kuwaka baada ya kushika tangi, toeni watu wote nje, nendeni hospitali, na mumwambie daktari neno palitoksini na kwamba mna matumbawe nyumbani. Asipoambiwa atadhani ni mafua. Dawa mahsusi ya sumu hii hakuna, mtu anasaidiwa kupumua na mwili kutunzwa, hivyo saa zina thamani.

MwanaUnguja_Muscat

Dada nesi, Mungu akulipe. Mimi mwenyewe nilikuwa nasugua mawe jikoni kwenye sinki, watoto wakizunguka. Sitorudia. Wasomaji naomba mlichukue hili kabla ya yote niliyoandika juu.

MamaNasra_Dar

Nimerudi. Jana usiku nimemulika kwa tochi kama fundi alivyosema. Matawi yaliyoanguka yamefunga safi, lakini shina lenyewe kwa chini lina kidonda, ni cheusi, na nimekinusa: harufu ipo. Nifanye nini? Shina lote la chini likioza si ndiyo mwisho?

MwanaUnguja_Muscat

Sio mwisho, bibie. Kidonda kikiwa chini, unaokoa juu. Kata shina juu ya kidonda, penye nyama nyeupe, na sehemu ya chini pamoja na jiwe uitoe kabisa tangini. Sehemu ya juu ioshe kwa madini joto kama nilivyoeleza.

Kazi ni kuibandika. Gundi peke yake haishiki vizuri kwa sababu ya ute, utaibandika asubuhi na jioni utaikuta inaelea. Mimi natumia neti ya shela ya bibi harusi. Nunua robo mita kwa fundi cherehani, weka kipande juu ya jiwe dogo bapa, kifunike kwa neti, zungusha rababendi kwa chini. Isibane, ishike tu. Maji yanapita kwenye matundu, mwanga unapita, na tumbawe halitoroki. Njia nyingine ni kupitisha kijiti cha meno katikati ya shina na kukifunga kwenye jiwe, lakini kwa mti wa Kenya uliokwisha umia, mimi ningetumia neti.

Kisha mkaa mpya leo hii, maji badilisha asilimia 20, na pima amonia kesho asubuhi.

FundiTangi_Dubai

Naunga mkono. Kwa tangi la lita 120 usichelewe hata siku moja, maji machache yanaharibika haraka.

MamaNasra_Dar

Nimekata. Mikono ilitetemeka lakini nimekata, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wembe uliteleza kama kwenye uji. Mara ya pili nikasikia huo mkwaruzo. Shela nimechukua ya harusi ya mdogo wangu, amenipa mwenyewe. Leo siku ya nne: amonia hakuna, harufu imekwisha, na tawi moja la juu limefungua polipu zake mbele ya macho yangu nikiwa nakunywa chai. Nifungue neti nilitazame vizuri?

MwanaUnguja_Muscat

Hongera sana, mama. Neti usiiguse mpaka wiki ya pili. Litikise jiwe kidogo kwa kijiti siku hiyo: tawi likienda pamoja na jiwe, kata rababendi.